Uzi maalum: Kumpa paka dawa bila kumdhuru, na dalili zisizosubiri kesho

#1 Sharubu

Habari zenu wadau. Maswali ya dawa za paka yanarudi kila mara kwa sura ileile: kidonge kimetemwa, povu linamwagika, mwenye paka anadhani anamuua. Au kinyume chake, paka yuko hatarini kweli na mtu anadhani kidonge kimemchefua tu. Naanza na namna ya kumpa dawa, halafu wajuzi wa sukari, figo na dharura waongeze. Dozi anaipanga daktari wa mifugo aliyemwona paka. Hapa tunazungumzia jinsi ya kuifikisha tumboni na mambo ya kuangalia baadaye.

Kwa kidonge, mweke paka mezani juu ya taulo lisiloteleza, mgongo wake ukiegemea kifua chako ili asipate pa kurudi nyuma. Mwepesi wa kucha mviringishe taulo hadi shingoni, miguu ya mbele ikiwa ndani. Mkono mmoja upite juu ya kichwa, dole gumba upande mmoja wa taya la juu na kidole cha shahada upande wa pili, nyuma kidogo ya chonge. Inua pua ielekee darini, taya la chini litalegea lenyewe. Kidole cha kati cha mkono wa pili kibonyeze meno madogo ya mbele ya chini, na kidonge ulichokishika kwa gumba na shahada kidondoke katikati kabisa ya shina la ulimi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kikitua kwenye ncha ya ulimi au pembeni atakitema, na kila kinapotemwa kinazidi kulainika na kuwa kichungu. Funga mdomo, rudisha kichwa kiwe sawa, sugua koo taratibu. Akilamba pua, amemeza.

Lakini kumeza si kufika tumboni. Kidonge kikavu hukwama kwenye umio wa paka (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) kwa dakika kadhaa, kikayeyukia hapo na kuunguza ukuta wake. Antibiotiki za doksisaiklini, hasa ya aina ya haiklati, na klindamaisini ndizo zinazojulikana zaidi kwa madhara haya. Kidonda kikipona kinaacha kovu linalobana umio, na kulipanua ni kazi ya vifaa maalum, tena mara nyingi kwa kurudia. Kwa hiyo kila kidonge kifuatwe na maji mililita 5 au 6 kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, au chakula laini cha kulamba papo hapo kama dawa hiyo inaruhusiwa kwenda na chakula. Paka aliyeanza kutokwa mate siku chache baada ya kuanza dawa, ananyoosha shingo akimeza, au anarudisha chakula kizima dakika chache baada ya kula, umio wake ukaguliwe. Usiendelee kumshindilia vidonge eti umalize dozi. Mpigie daktari siku hiyohiyo abadilishe aina.

#2 Kiduchu

Shukrani sana mkuu Sharubu. Na dawa ya maji je, kichwa kinainuliwa vilevile? Halafu hilo povu linatokana na nini hasa?

#3 Bi Mapaka

Kiduchu, dawa ya maji usiinue kichwa. Kidonge kinaangushwa nyuma, maji yanapitishwa pembeni. Kichwa kikae sawa au kiinamie chini kidogo. Ncha ya bomba iingie kwenye pengo lililo nyuma ya chonge, ndani ya shavu, ikielekea upande wa pili wa mdomo na si kooni. Sukuma nusu mililita hadi moja, ngoja ameze, kisha endelea. Ukimimina yote kwa mpigo kichwa kikiwa juu, dawa inaingia kwenye njia ya hewa. Akikohoa kidogo na kuacha, sawa. Akianza kupumua haraka, kuwa mnyonge au kupata homa siku moja au mbili baadaye, huenda mapafu yameshika nimonia. Mafuta ya aina yoyote, ya kupikia au ya parafini, msiyasukume mdomoni kwa paka, hata mkiambiwa yanalainisha choo. Mafuta hayamchochei kukohoa kama maji, kwa hiyo yanateremka mapafuni kimya kimya na mwili hauna njia rahisi ya kuyatoa.

Povu ni uchungu. Paka akionja kitu kichungu tezi za mate zinafunguka, anatikisa kichwa, mate yanageuka povu. Antibiotiki ya metronidazoli na dawa nyingi za minyoo zenye prazikwanteli zinasifika kwa hilo. Kwa kawaida linakwisha ndani ya dakika chache, hasa akipewa maji au kitu cha kulamba. Povu linaloambatana na kutetemeka, kuyumba, kuhema au ufizi kubadilika rangi ni jambo jingine kabisa, hilo ni la kukimbilia kwa daktari.

Kidonge kichungu unaweza kukitia kwenye kapsuli tupu ya jelatini, namba 3 au 4. Namba ikiwa kubwa, kapsuli ni ndogo. Kapsuli nayo hunata kwenye umio, basi maji ni lazima. Metronidazoli ipo pia ya aina ya benzoati, haina uchungu mkali, ila miligramu zake hazilingani na zile za kawaida. Daktari ndiye apige hesabu upya.

#4 Mtaa wa Pili

Mimi naona mnajitesa bure. Saga kidonge, changanya kwenye bakuli lote la chakula, mpe na maziwa kidogo ya kushushia. Kwisha habari.

#5 Bi Mapaka

Ndugu yangu Mtaa wa Pili, hapo pana mambo matatu na yote yana athari. Kwanza, akila nusu bakuli amepata nusu dozi na hujui ni nusu ipi. Pili, paka mgonjwa akihusisha chakula chake na uchungu au kichefuchefu anakisusa, na anaweza kuendelea kukisusa hata baada ya kupona. Kama ni kuficha, tumia tonge moja dogo la kitu asichokizoea kila siku: mpe tonge tupu, kisha lenye dawa, kisha tupu tena upesi kabla hajafikiria. Chakula chake cha kila siku kibaki safi. Tatu, maziwa: kalisi inaishika doksisaiklini na jamii yake, dawa inapita bila kufyonzwa.

Na si kila kidonge kinasagwa. Kilichotengenezwa kutoa dawa polepole kikisagwa kinamwaga dozi nzima kwa mara moja. Omeprazoli ina ngao dhidi ya asidi ya tumbo, ukiiponda umeivua ngao hiyo. Dawa za kudhibiti saratani kama klorambusili hazikatwi wala kusagwa nyumbani, kwa usalama wa mkono wako na wa wote wanaoishi humo.

#6 Kipimo Sahihi

Naongeza upande wa vipimo, maana hapo ndipo wanapoumia paka wengi ambao wenyewe wamefuata kila kitu kwa nia njema.

Kwenye chupa kuna namba mbili: miligramu ngapi kwa mililita, na mililita ngapi umpe. Chukua meloksikamu, dawa ya maumivu. Ya paka mara nyingi ina miligramu 0.5 kwa mililita, ya mbwa ina 1.5. Tuseme daktari ameandika miligramu 0.05 kwa kila kilo na paka ana kilo 4. Hiyo ni miligramu 0.2. Kwenye chupa ya paka ni mililita 0.4. Ukivuta mililita 0.4 hiyohiyo kutoka chupa ya mbwa umempa miligramu 0.6, mara tatu. Kwa dawa hii mara tatu si jambo dogo: figo na utumbo ndivyo vinavyolipa, na hatari inazidi akiwa hajanywa maji, anatapika, au yuko kwenye prednisoloni (dawa ya steroidi) kwa wakati mmoja. Meloksikamu na prednisoloni hazikai pamoja. Paka asiyekula wala kunywa, simamisha meloksikamu na umpigie daktari kabla ya dozi inayofuata.

Bomba linalokuja na chupa ya mbwa limechorwa kwa kilo za mbwa, si mililita, kwa hiyo halimfai paka hata kidogo. Tumia bomba la mililita 1 lenye mistari ya 0.01. Kijiko cha chai si kipimo. Dawa ya kutikiswa itikisweni kweli, mpaka unga wa chini uondoke. Isipotikiswa siku za mwanzo zinakuwa dhaifu, na za mwisho, pale mashapo yanapovutwa, zinakuwa kali kupita kiasi.

Prednisoloni ikitumika kwa wiki kadhaa haikatwi ghafla. Tezi za adrenali, zilizo jirani na figo na zinazotengeneza homoni ya jamii hiyo, zimezoea kupumzika na zinahitaji muda wa kuamka, ndiyo maana daktari anashusha hatua kwa hatua. Na dawa ya kuua bakteria aina ya enrofloksasini isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Juu ya hapo inaweza kuharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na paka akapofuka moja kwa moja.

#7 Nyau Mweupe

Wakuu, kuna swali watu wanauliza sana: paka ana maumivu usiku, nyumbani kuna parasetamoli. Robo tu nayo ina shida?

#8 Daktari Msaidizi

Ina shida kubwa mno. Hakuna kiasi salama cha parasetamoli kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuiunganisha na asidi ya glukuroniki ili itoke mwilini, kwa hiyo sumu inayobaki inashambulia chembe nyekundu za damu na ini lenyewe. Damu inashindwa kubeba oksijeni. Ufizi unakuwa wa kahawia au wa buluu, uso na nyayo vinavimba, anahema. Kidonge kimoja kinatosha kuua, na hata sehemu yake. Dawa ya kupambana nayo ipo, asetilisisteini, na inasaidia zaidi ikianza saa za mwanzo kabla dalili hazijakomaa. Usisubiri dalili. Ibuprofeni nayo ni marufuku. Aspirini inakaa mwilini mwa paka siku kadhaa, daktari wachache huitumia kwa vipimo vyao maalum, wewe usiiguse.

Msimtapishe nyumbani. Chumvi inaleta sumu ya sodiamu, na haidrojeni peroksaidi inachubua tumbo la paka mpaka damu. Maziwa hayavunji sumu yoyote kati ya hizi.

Hatari nyingine kubwa ni dawa ya viroboto ya mbwa, ile ya kudondosha shingoni yenye permethrini. Nyingi zina asilimia 45 hadi 65 ya sumu hiyo. Paka hawezi kuivunja, anaanza kutetemeka, masikio na ngozi vinacheza, kisha degedege. Inaweza kuanza saa chache baadaye au ikachelewa hata siku tatu. Ukigundua mapema na bado hajatetemeka, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, umfute, umpeleke. Maji ya moto yanaongeza kasi ya sumu kupenya ngozi na ya baridi yanaongeza kutetemeka. Akiwa tayari kwenye degedege usipoteze muda kwa kuosha, kimbia. Na kama mbwa na paka wanalala pamoja, mbwa aliyepakwa leo atengwe hadi dawa ikauke kabisa.

Maua ya jamii ya yungiyungi ya kweli (lily), pamoja na yale ya siku moja (daylily), yanaharibu figo za paka ndani ya siku moja hadi tatu. Jani, petali, maji ya chombo cha maua, hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya. Tiba ni dripu mapema. Yasiwepo kabisa nyumba yenye paka.

#9 Kiduchu

Mkuu, tusaidie hapa: dalili gani ni za kusubiri asubuhi na zipi za kutoka usiku huohuo?

#10 Daktari Msaidizi

Za kutoka usiku huohuo naanza na dume asiyekojoa, kwa sababu ndiyo inayodhaniwa kuwa kitu kingine. Anaingia kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anachuchumaa, analia, analamba sehemu za siri, na mwenye nyumba anasema amefunga choo. Angalia mchanga wenyewe: kama hakuna hata donge la mkojo, au kuna matone tu yenye damu, mrija wa mkojo umeziba. Potasiamu inapanda kwenye damu na inasimamisha moyo. Kutoka dalili za kwanza hadi kifo inaweza kuwa siku moja au mbili. Usibonyeze tumbo kumsaidia, kibofu kilichojaa kinapasuka. Jike naye anapata maumivu ya kibofu, lakini kuziba kabisa ni nadra kwake kwa kuwa mrija wake ni mfupi na mpana.

Miguu ya nyuma ikilegea ghafla, ikawa ya baridi, nyayo zikapauka, huku paka akilia kwa maumivu makali: hilo ni donge la damu lililoziba mshipa mkuu, mara nyingi kwa ugonjwa wa moyo uliojificha. Si kuanguka, si kuteguka. Kupumua kwa mdomo wazi kwa paka aliyetulia nako hakuna subira. Uzi wa kushonea unaoning'inia mdomoni au nyuma msiuvute: upande wa pili unaweza kuwa umefungwa chini ya ulimi na ukiuvuta unakata utumbo kama msumeno. Mzuie asiendelee kuumeza na umpeleke.

Upofu wa ghafla, mboni zimepanuka na anagonga kuta, kwa paka mzee mara nyingi ni shinikizo la damu lililong'oa retina. Amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo, ikianza siku hiyo kuna uwezekano wa kuokoa uoni kiasi. Ikichelewa, nafasi hiyo inapungua.

Kutokula kuko katikati. Saa 24 bila kula, piga simu. Siku mbili hadi tatu, hasa kwa paka mnene, mafuta yanahamia kwenye ini na kuliziba, na hapo ugonjwa wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

#11 Sharubu

Niongezee kwenye kutokula. Kabla ya kumlazimisha, tazama kama ana kichefuchefu: anameza mate, analamba midomo, anasogelea bakuli kisha anageuza kichwa. Huyo ukimlazimisha unajenga chuki na chakula. Atibiwe kichefuchefu kwanza, maropitanti ndiyo hutumika sana, kisha chakula kipashwe hadi joto la mwili ili harufu itoke. Mirtazapini inaamsha hamu, ipo hata ya kupaka ndani ya sikio.

Na mrija wa kulishia unaopita shingoni usiwatishe. Watu wanauona kama hatua ya mwisho, kumbe kwa paka asiyekula ni huruma kubwa: chakula na dawa vinapita bila vita, na anaweza kula mwenyewe mrija ukiwepo. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mililita 5 hadi 10 kabla na baada ya kila kitu. Kidonge kisagwe kiwe vumbi na kichanganywe na maji, maana kipande kimoja kinatosha kuziba mrija.

#12 Kipimo Sahihi

Wenye paka wa kisukari, soma herufi kwenye chupa ya insulini. U-40 ina yuniti 40 kwa mililita, U-100 ina 100. Kila moja ina sindano yake. Ukivuta insulini ya U-100 hadi mstari wa 2 kwenye sindano ya U-40, umechoma yuniti 5. Kinyume chake, U-40 kwenye sindano ya U-100, mstari wa 2 unakupa yuniti 0.8 tu na sukari haishuki.

Sindano ikitokea upande wa pili wa ngozi, au manyoya yakalowa, usirudie dozi. Kukosa insulini mara moja kunavumilika, kuipata mara mbili kunaweza kuua. Akikataa chakula, piga simu kabla ya kuchoma. Sukari ikishuka ataonekana mnyonge, anayumba, macho hayatulii, kisha degedege. Anayeweza kula apewe chakula mara moja. Asiyeweza, mpake asali au glukosi kwenye ufizi kwa kidole, usimimine mdomoni, na uondoke kwenda kwa daktari hata akiamka njiani, kwa sababu insulini bado inafanya kazi na sukari itashuka tena.

#13 Nyau Mweupe

Na wale wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi? Nasikia kuna jeli ya masikioni. Je, dawa zote zinaweza kutengenezwa hivyo?

#14 Bi Mapaka

Methimazoli, dawa ya tezi hiyo, inapita vizuri kiasi kwenye ngozi ya sikio, ndiyo maana jeli yake ipo. Vaa glavu, hasa mjamzito. Futa mabaki ya jana kwa pamba yenye maji, ipake upande wa ndani usio na manyoya, badili sikio kila dozi. Akijikuna uso mpaka vidonda, au akatapika na kuwa mnyonge, simamisha na upige simu, ni madhara yanayojulikana. Dawa nyingine nyingi hazipiti ngozi kwa kiasi cha kutosha. Antibiotiki ya sikioni kwa ugonjwa wa ndani ni kupoteza siku ambazo paka hana.

#15 Mtaa wa Pili

Bi Mapaka nimekuelewa, hesabu ya nusu bakuli sikuiwazia. Sasa nyumba yenye watu wawili wanaotoa dawa, na mmoja hakumbuki kama mwenzake alishampa, inakuwaje?

#16 Daktari Msaidizi

Bila uhakika, hesabu kwamba amepewa na usubiri muda wa dozi inayofuata. Isipokuwa dawa za degedege, hizo mpigie daktari hapohapo. Akitapika baada ya dawa, tazama matapishi: kidonge kizima kikionekana, piga simu uulize kama kinarudiwa, kisipoonekana, usirudie. Bandika karatasi kwenye chupa yenyewe, tarehe na saa, anayempa aweke alama kabla ya kufunga kifuniko.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni au ya mtoto, na pumzi akiwa amelala fofofo, si akinguruma kwa raha. Hesabu kifua kupanda na kushuka kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikivuka 30 rudia baada ya saa moja au mbili, ikibaki juu piga simu, ikivuka 40 ondoka. Degedege ipigeni video na saa ikionekana. Ikizidi dakika 5, au zikafuatana, ni dharura. Usimtie mkono mdomoni, sogeza vitu vigumu, punguza mwanga. Ukienda kwa daktari chukua pakiti zenyewe za kila alichokula au kupewa, pamoja na ile ya viroboto.